Mwanagenzi mwenye mvi: jinsi ya kumcheza mzee wa ngazi ya 1 katika Dungeons & Dragons

Dungeons and Dragons ni mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika aliyemtunga, dadu zinaamua anachofaulu, na mwendesha mchezo anasimulia dunia na maadui. Ukimpelekea mwendesha mchezo karatasi ya mhusika mwenye miaka 68 na ngazi ya 1, atakuuliza swali moja kabla hajasoma kitu kingine: muda wote huo alikuwa wapi? Ana haki ya kuuliza. Ngazi ya 1 ni ya mtu anayeanza, na tangu mchezo huu utoke Marekani mwaka 1974 anayeanza tumezoea awe kijana aliyetoroka kwao na upanga wa babu. Babu mwenyewe hubaki mlangoni akipunga mkono.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kumtoa babu mlangoni. Au bibi, maana mfano nitakaokwenda nao mpaka mwisho ni Bi Mize, mkunga wa mji wa bandari, mhusika niliyemtunga baada ya kuharibu wazee wawili kabla yake. Natumia kanuni za toleo la tano la mwaka 2014. Kiini cha kanuni hizo unaweza kukipakua bure na kihalali, kwa kuwa tangu Januari 2023 kimewekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Vitabu ni vya Kiingereza, kwa hiyo maneno ya Kiswahili utakayoyaona hapa ni yale tunayotumia mezani kwetu; meza yako ikiwa na yake, endeleeni nayo.

Hatua ya kwanza: mgeni wa nini?

Mzee wa ngazi ya 1 si mtu asiyejua kitu. Anajua mengi kuliko msafara mzima, ila hajui hili moja mlilolifuata. Fundi mashua wa miaka 65 anajua mbao, misumari, bahari na tabia za matajiri wanaochelewesha malipo. Hajui kuua zimwi. Kanuni zinahesabu hilo la mwisho tu, ndiyo maana ngazi yake ni 1.

Kwa hiyo tafuta kitu kipya kilichomfika uzeeni. Kuna sababu chache ambazo nimeona zinafanya kazi. Ameitwa na nguvu isiyo yake, ghafla, wakati alishaanza kununua sanda. Au alitamani kusoma tangu utotoni, hakupata nafasi, na sasa watoto wameshakuwa watu wazima na hakuna wa kumzuia. Au ana deni la mtu aliyekufa. Au, na hii naipenda kwa Rogue, yaani mwizi mwenye ujuzi, amekuwa karani mwaminifu miaka 40 akiwatazama wanaoiba, mpaka siku moja akaona kwamba yeye angefanya vizuri zaidi.

Sababu moja nakushauri uiache: shujaa mkuu wa zamani aliyesahau kila kitu. Ndiyo kosa langu la kwanza. Mzee wangu alikuwa jemadari mstaafu mwenye vita kumi nyuma yake, na kila goblini, kijitu korofi cha mchezoni, alipomkosakosa nililazimika kueleza kwa nini jemadari mzima anapigwa na kitu chenye urefu wa kiuno chake. Kufika kikao cha tatu wenzangu walishajua hadithi ya goti lake kuliko mimi. Jemadari anamfanya kila mtu aishi katika hadithi iliyokwisha, na meza imekuja kwa ajili ya hadithi inayoanza.

Hatua ya pili: sentensi moja kwa kila miaka kumi

Kijana ana historia ya nusu ukurasa. Mzee anaweza kukuvuta uandike kurasa 14, ambazo hakuna atakayezisoma, na mwendesha mchezo ndiye wa kwanza. Jiwekee mpaka: kila muongo sentensi moja. Hii hapa ya Bi Mize, kama ilivyo nyuma ya karatasi yangu:

Alilelewa na shangazi muuza samaki, akajua kuhesabu kabla ya kusoma.
Aliolewa, akampoteza mtoto wa kwanza, akaanza kumfuata mkunga aliyemhudumia usiku ule.
Mkunga alipofariki, mkoba ukabaki kwake.
Mumewe alipanda jahazi kusi ilipoanza kuvuma, jahazi likarudi bila yeye.
Usiku wa gharika alizalisha watoto watano juu ya dari la ghala la karafuu.
Alimpokea mjukuu wake kwa mikono yake, na mama wa mjukuu hakupona.
Mwaka jana alimshika mtoto aliyezaliwa bila pumzi, viganja vyake vikawaka mwanga, mtoto akalia.

Basi. Sentensi ya mwisho ndiyo inayompeleka njiani: anataka kumjua aliyempa mwanga ule, na hasa atadai nini siku ya kulipwa, kwa sababu hajaona bado mtu wa kumpa kitu bure. Mwendesha mchezo akisoma mistari hii saba anapata jahazi lililorudi pungufu, watoto watano wa gharika ambao sasa ni watu wazima, na mungu asiyejitambulisha. Anayo kampeni ya miezi.

Kati ya mistari acha mapengo, na muyakubali mapengo hayo kabla ya kuanza. Mzee amekutana na watu wengi kuliko unavyoweza kuandika, kwa hiyo omba ruhusa ya kusema mara moja kwa kikao, si zaidi: "Huyu namjua." Mwendesha mchezo atakuuliza mlijuanaje, utatunga papo hapo. Mara moja ni raha. Mara tatu umeshamnyang'anya mwenzako kiti chake.

Hatua ya tatu: fani, na suala la neno "mchawi"

Fani, yaani kazi ya mhusika inayoamua uwezo wake, karibu zote zinafaa. Fighter, mpiganaji wa silaha, ndiye anayehitaji maelezo zaidi. Cleric, kuhani, ndiye rahisi kuliko wote kwa sababu wito hauulizi umri. Warlock, mwenye mkataba na kiumbe kikubwa, anampendeza mzee aliyechoka kusubiri. Na Wizard, anayesoma uchawi vitabuni, ni mwanafunzi wa uzeeni kabisa: anaanza na kitabu chenye tungo sita za uchawi za ngazi ya kwanza, na unaweza kumchora akivishikilia vidole juu ya mstari kama mtu wa kisomo cha watu wazima.

Hapa lakini Kiswahili kina jambo lake. Wizard kwa Kiingereza ni mzee mwenye ndevu na kofia ndefu. Ukimtafsiri "mchawi", umebeba kitu kingine kabisa. Tanzania, hasa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa jikoni. Kilifi, Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo, na mvi zikawa kama ushahidi. Huenda mezani kwako yupo aliyetoka familia iliyoguswa. Sisemi usicheze, nasema zungumzeni kwenye kikao cha awali, kabla dadu haijarushwa, na mchague neno. Sisi tunasema "msomi" kwa Wizard na "kuhani" kwa Cleric, na "mchawi" tumewaachia maadui. Kama mnataka mji unaomshuku bibi kwa sababu ya mwanga wa viganja vyake, hiyo ni hadithi nzito na nzuri, ila iwe imekubaliwa na wote.

Hatua ya nne: namba, na ushauri wa kutomdhoofisha

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilikuwa na jedwali la umri. Binadamu akifika miaka 35 alipunguziwa pointi 1 katika Nguvu, Wepesi na Ustahimilivu, akaongezewa 1 katika Akili, Busara na Mvuto. Akifika 53 alikatwa 2 zaidi za mwili na kuongezewa 1 ya kichwa. Akifika 70 alikatwa 3 nyingine, akapewa tena 1. Jumla, mzee wa miaka 70 alikuwa amepoteza 6 mwilini na kupata 3 kichwani. Matokeo yake wajanja waliwafanya wasomi wao wawe vikongwe ili wapate Akili, halafu wakawaficha nyuma ya mpiganaji. Uzee uligeuka hila ya hesabu.

Toleo la tano limefuta jedwali lote. Bi Mize wa miaka 68 na kijana wa 18 wanagawana namba zilezile, na mimi naona ni sawa. Wachezaji wengi husikia vibaya, wakaomba wakatwe pointi "ili iwe kweli". Usiombe. Meza inakutegemea uwe hai. Ukifa raundi ya pili umewaachia wenzako kazi ya kukubeba, na uhalisia wako haujamfurahisha mtu.

Uzee uweke kwenye mpangilio wa namba ulizonazo. Seti ya kawaida ni 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Bi Mize: Busara 15, Ustahimilivu 14, Mvuto 13, Akili 12, Wepesi 10, Nguvu 8. Ni binadamu, kwa hiyo kila moja inaongezwa 1, na Busara inafika 16, yaani nyongeza ya +3 kwenye dadu ya pande 20 anayorusha. Tazama Ustahimilivu: wengi humpa mzee namba ndogo hapo. Mimi nimempa ya pili kwa ukubwa. Mtu aliyefika 68 katika dunia yenye majoka na homa ya kinamasi hakufika kwa bahati, mwili wake ni mgumu kama mzizi wa mkoko. Udhaifu wake uko kwenye Nguvu, ambapo 9 inampa -1, na hilo linatosha. Uhai wake, yaani maumivu anayoweza kustahimili kabla ya kuanguka, ni 8 za fani na 2 za Ustahimilivu, jumla 10.

Kanuni za 2014 zinakuruhusu kutunga usuli wako, yaani maisha ya mhusika kabla ya safari: ujuzi wowote miwili, na vifaa au lugha mbili. Nimechukua Tiba na Utambuzi wa watu, mkoba wa mitishamba, na lugha ya mabaharia wa kigeni. Kutoka kwa ukuhani nikaongeza Ushawishi na Historia. Ukitumia kitabu kilichorekebishwa cha 2024 nyongeza za sifa zinatoka kwenye usuli, na kuhani hachagui nyanja yake ya kiungu, yaani aina ya nguvu anazopewa na mungu wake, mpaka ngazi ya 3. Kwa mwanagenzi kama huyu hiyo ni afadhali, maana kwa ngazi mbili anatembea bila kujua anamtumikia nani.

Vifaa havihitaji kanuni mpya, vinahitaji majina. Rungu la kitabuni, linaloumiza kwa dadu ya pande 6, kwake ni mchi wa kinu. Ngao ni sinia la shaba alilotunzwa na familia ya watoto watano wa gharika. Vazi la magamba lina uzito wa pauni 45, kilo 20 na kidogo, na amelivaa chini ya kanga. Kinga yake, namba ambayo adui lazima aifikie ili ampige, inafika 16. Goblini wa kawaida ana +4 ya kushambulia, kwa hiyo anahitaji kurusha 12 au zaidi kumpata. Angevaa ngozi nyepesi kwa sababu "bibi hawezi kubeba chuma", kinga ingekuwa 13 na goblini angetosheka na 9. Pigo la goblini ni dadu ya pande 6 na 2 juu, na bibi ana uhai 10. Piga hesabu mwenyewe. Ubaya wa magamba ni kwamba yanalia akinyatia, na hilo nalicheza kwa furaha.

Hatua ya tano: heshima isikutawaze

Hili hutalikuta katika miongozo ya Kiingereza, na ndilo linaloharibu wazee kwenye meza za Waswahili. Siku ya kwanza ya Bi Mize, mhusika wa kwanza kumkuta akasema "Shikamoo, bibi." Nikajibu "Marahaba, mwanangu." Dakika kumi baadaye kila uamuzi ulikuwa unaniangukia: bibi anasemaje, bibi tupite wapi, bibi tumwamini huyu? Adabu zetu ziliingia mchezoni bila kubisha hodi, na wenzangu watatu wakawa wajukuu wanaosubiri amri. Mzee wangu wa pili nilimharibu hivyohivyo. Nilidhani nacheza vizuri kumbe nilikuwa nimekalia zamu za watu.

Dawa ni kutenganisha sehemu mbili. Nyumbani bibi ni mkubwa. Njiani ni mwanagenzi, na anajua. Mpe mazoea ya kuuliza: "Hiki kinaliwa au kinatula?" "Nionyeshe tena unavyoshika upinde." Akiulizwa njia, amrudishie anayestahili: "Mimi nimekulia baharini, msitu muulizeni huyu." Mtu mzima anayekubali kufundishwa na kijana anapendeza kumtazama, na yule kijana anapata nafasi ya kung'ara.

Pia tumia utani. Kwa wengi wetu bibi na mjukuu wana utani ambao mama na mtoto hawana. Bibi anaweza kumwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kumsema kwamba hajaleta hata kuni. Utani unavunja ule ukimya wa adabu, na wenzako wanapata ruhusa ya kukujibu. Mwizi wa msafara wetu humwambia Bi Mize "mke wangu mkubwa, leo umepika nini?" na tangu hapo hakuna anayemsubiri atoe hotuba.

Methali? Moja kwa kikao, tena akiipotosha kidogo. Ukitoa nne umekuwa kanga.

Sauti nayo usiitetemeshe. Saa nne za sauti ya kutetemeka zinachosha koo lako na masikio ya wenzio. Chagua tendo moja dogo, ulirudie. Bi Mize anatazama mikono ya mtu kabla ya uso, kwa sababu mikono ndiyo aliyoitazama maisha yake yote. Hilo linatosha. Na usahaulifu kama kichekesho uache, au uliza kwanza; nyumba nyingi zina mzazi anayesahau jina la mwanawe, na si jambo wanalokuja kulicheka.

Tendo hilo linavyofanya kazi, hapa ni lango la mji, usiku, limefungwa. Mlinzi kijana anasema hakuna kupita hadi alfajiri.

"Namtazama mikono," nikasema.

Mwendesha mchezo akaniambia kidole kidogo cha kushoto kimepinda.

"Wewe si wa Salma? Ulitangulia miguu, jioni ya mvua, kidole hicho nilikivuta mimi. Mama yako aliniuma hapa, alama ipo. Amepona miguu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa "huyu namjua" yangu ya kikao. Haikufungua lango yenyewe. Mwendesha mchezo aliomba Ushawishi, kipimo 15. Nikarusha 9, na +4 yangu ikawa 13. Lakini kabla ya kumkaribia mlinzi bibi alikuwa amejigusa kifua na kunong'ona dua ya Mwongozo, ile ndogo isiyokwisha, inayoongeza dadu ya pande 4 kwenye jaribio moja. Ikatoka 3. Lango likafunguliwa, na mlinzi akaomba dawa ya miguu ya mama yake. Kumbuka dua hiyo ina maneno na ishara. Mlinzi angekuwa macho zaidi angeweza kuuliza bibi ananong'ona nini.

Hatua ya sita: vitani

Kwa mchi Bi Mize anashambulia kwa +1, jambo la aibu. Kwa hiyo hapigi kwa mchi isipokuwa amebanwa. Ana dua ya mwali mtakatifu inayomlazimisha adui kujaribu Wepesi dhidi ya 13, akishindwa anaumia kwa dadu ya pande 8, na Nguvu za bibi haziulizwi. Ana nafasi mbili za dua kubwa kwa siku. Moja aitumie mapema kwa Baraka, inayowapa wenzake watatu dadu ya pande 4 juu ya kila shambulio na kila jaribio la kujiokoa hadi dakika nzima, mradi asipoteze umakini. Ya pili aiweke kwa atakayeanguka. Kwa nyanja ya uhai, dua ya kuponya jeraha inarudisha dadu ya pande 8, na 3 za Busara, na 3 nyingine za nyanja. Hiyo inamwinua mpiganaji.

Asiye kuhani atumie tendo la Kusaidia: unampa mwenzako dadu mbili za pande 20 achukue kubwa. Ielezee kwa mdomo wa mzee. "Mguu wake wa kushoto mzito, mpige upande huo!" Ni kanuni ileile, lakini sasa mzee ameona kitu.

Usiombe upunguziwe mwendo. Akitaka kwenda polepole, aende polepole wakati hakuna anayewakimbiza.

Hatua ya saba: kupanda ngazi bila kugeuka kijana

Ngazi ya 2 inahitaji pointi 300 za uzoefu, ya 3 inahitaji 900. Kwa kalenda ya mchezo huenda zikawa wiki tatu tu, na mtu atauliza vipi bibi amejifunza haraka hivyo. Jibu langu: hajifunzi, anaunganisha. Kila ngazi mpya ifunge na muongo mmoja wa nyuma ya karatasi. Alipofika ngazi ya 2 na kupata nguvu ya kuwafukuza wafu, nilisema ni ileile sauti aliyotumia miaka 40 kuwatoa wanaume chumbani mama akianza uchungu.

Hatua ya nane: umri wenyewe, na kifo

Vitabu vya 2014 vina vitu vichache vinavyogusa umri moja kwa moja, na mzee anapaswa kuvijua. Mzuka, akikuonyesha uso wake ukashindwa jaribio kwa tofauti ya 5 au zaidi, anakuzeesha miaka 10 hadi 40 papo hapo. Kijana hucheka. Bi Mize wa miaka 68 akizeeshwa 40 mnazungumza habari za mazishi, ingawa uganga mkubwa wa kurejesha unaweza kuifuta miaka hiyo ndani ya saa 24. Kwa upande wa pili kuna dawa ya maisha marefu, inayopunguza miaka 7 hadi 12, na kila unapoirudia hatari ya kukuzeesha badala yake inapanda kwa asilimia 10. Muulize mapema mwendesha mchezo kama vitu hivi vipo duniani kwake. Na jiulize kama bibi angeinywa. Wangu alipoikuta alimpa punda.

Kisha mkubaliane kuhusu kufa. Uganga wa kumrudisha maiti ndani ya siku 10 unahitaji almasi ya dhahabu 500, na unahitaji roho yenyewe ikubali kurudi. Kijana hukubali. Mzee anaweza kukataa, na akikataa bila wenzako kutarajia, mtu aliyetoa almasi atakasirika kwa haki. Bi Mize amewaambia wote mapema, kando ya moto, kwamba atarudi mara moja tu na ya pili wamwache. Mkoba utachukuliwa na mjukuu wake, ambaye karatasi yake nimeshaiandika na kuikunja ndani ya kitabu: miaka 19, ngazi itakayokuwa ya msafara siku hiyo, na mchi uleule.